Kamera za usalama: Zilikotoka na kazi zake

KAMERA za usalama, ambazo sasa zimetundikwa katika benki, maduka makubwa na njia panda za miji, hazikubuniwa kwa ajili ya wezi. Mwaka 1942 huko Peenemünde, Ujerumani, zilitumika kutazama roketi za V-2 zikirushwa, ili wataalamu wasiusogelee moto.

Aliyeziingiza nyumbani ni Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, ambaye usiku mara nyingi alibaki peke yake, nao polisi walichelewa kufika. Mwaka 1966 yeye na mumewe, Albert, waliomba hataza ya kamera iliyochungulia kupitia matundu manne ya mlango na kuonyesha mgeni kwenye televisheni chumbani. Waliipata mwaka 1969.

Baadaye kanda za video ziliwezesha picha kuhifadhiwa. Kamera ikawa shahidi kuliko mlinzi: zile za Westgate, Nairobi, ziliwanasa washambuliaji Septemba 2013, lakini hazikuwazuia.

Aidha, ushahidi huo haudumu. Mitambo mingi hufuta picha za zamani nafasi inapojaa. Hivyo aliyeibiwa dukani aziombe mapema, kabla hazijafutwa.