Kadri Utumiavyo: Historia ya Mita Inayodai Kwanza

Kirefu cha LUKU ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Watanzania tunalitamka neno hili kila wiki bila kulitazama, kama tunavyotamka jina la kituo cha daladala. Ukilisoma polepole, lina kasoro. Anayelipa kadri anavyotumia hutumia kwanza, kisha akalipia alichotumia. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa enzi za bili. LUKU imegeuza mpangilio: unalipa kwanza, halafu unatumia kadri ulivyolipa, na kilicholipiwa kikiisha, taa inazima.

Mageuzi hayo ndiyo yaliyotufundisha kubana matumizi ya umeme kuliko kampeni yoyote. Lakini mita hii haikubuniwa ili kutufundisha kubana. Ilibuniwa ili muuzaji asidai. Mambo hayo mawili yametembea pamoja kwa zaidi ya miaka 130, na ndiyo maana leo tunashindwa kutofautisha nyumba iliyobana matumizi na nyumba iliyokosa.

Mita ya kulipia kabla ilianza na gesi, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni za gesi za wakati huo ziliuza kwa wenye nacho: maduka, viwanda, nyumba za watu wenye kipato cha uhakika. Mteja alitumia kwa miezi kadhaa, karani akaja kusoma mita, bili ikafuata. Kibarua wa bandarini aliyelipwa kwa siku hakuwa na nafasi katika utaratibu huo. Hakuna aliyetaka kumkopesha gesi ya miezi 3. Wakati huohuo umeme ulikuwa umeanza kuingia katika nyumba za matajiri, na kampuni za gesi zikaona wateja wao wa taa wakiondoka. Ikabidi zitafute wateja wapya, na waliobaki walikuwa maskini.

Jibu lilikuwa mita ya sarafu. R. W. Brownhill wa Birmingham aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1887, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya South Metropolitan ya London ilikuwa ikizifunga katika nyumba za wafanyakazi. Unatumbukiza peni, unazungusha kitasa, gesi inakuja ya kiasi cha peni hiyo. Kampuni iliweka mabomba, taa na hata jiko bila kudai amana. Gharama hiyo ilirudi kwa njia ya kimyakimya: kwa peni ileile, mteja wa mita ya sarafu alipata gesi pungufu kuliko mteja wa bili.

Mambo matatu yalizaliwa pale, na yote tunayo hadi leo. La kwanza ni jema: maskini alipata nishati ambayo jana yake hakuruhusiwa kuigusa. La pili ni kwamba aliilipia ghali zaidi. La tatu ni kwamba mama wa nyumba akawa mhasibu wa kampuni. Yeye ndiye aliyejua peni moja inachemsha birika ngapi, na yeye ndiye aliyeamua jioni kama zima au washa. Asipokuwa na peni, hakuna fundi aliyekuja kumkatia. Alikuwa amejikatia mwenyewe.

Kwetu umeme ulifika kwa njia ya bili. Umeme wa kwanza wa umma Tanganyika uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wakoloni wenyewe. Mwaka 1931 zikaundwa kampuni binafsi mbili, DARESCO na TANESCO, na kuanzia 1964 serikali ikanunua hisa zake hadi zikawa shirika moja la umma. Kwa miaka mingi mteja alisomewa mita, akaletewa bili, akalipa au akakawia. Aliyekawia sana alikatiwa: fundi alikuja na ngazi, majirani wakaona. Madeni yalirundikana, yakiwemo ya taasisi za serikali yenyewe, ambazo hakuna fundi aliyekuwa na haraka ya kupanda nguzo yao.

Teknolojia iliyobadilisha hali hiyo ilikomaa Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 1980, wakazi wa vitongoji vya Waafrika waligoma kulipa kodi za nyumba na huduma kama silaha dhidi ya ubaguzi wa rangi. Bili isiyolipwa ilikuwa kura ya watu wasiokuwa na kura. Shirika la umeme la huko, Eskom, likataka kusambaza umeme kwa mamilioni ya nyumba bila kubeba madeni, na mita ya kulipia kabla ikawa chombo chake. Mwaka 1993 ndio ulioingizwa katika mfumo kama mwanzo wa saa yake: kila tokeni ya tarakimu 20 ilibeba ndani yake idadi ya dakika tangu Januari 1 ya mwaka huo. Hesabu hiyo ilikuwa na kikomo. Ilijaa Novemba 24, 2024, na ndiyo sababu mwaka huo TANESCO na mashirika mengine mengi yaliwataka wateja waingize tarakimu za ziada kabla ya kuingiza umeme wao. Wengi walinung'unika bila kujua kwamba walikuwa wakirekebisha saa iliyotegwa mwaka mmoja kabla Mandela hajawa rais.

LUKU ilikuja miaka ya 1990, na majirani wakafuata kwa majina yao: Cash Power kule Rwanda, tokeni kule Kenya, Yaka kule Uganda. Mwanzoni ilikuwa foleni. Ulikwenda ofisini au kwenye dirisha la wakala, ukarudi na karatasi yenye namba. Simu za mkononi ziliiondoa foleni hiyo, ingawa Mei 2021, mfumo wa manunuzi ulipogoma kwa siku kadhaa, foleni zilirudi kama hazijawahi kuondoka.

Kitu kilichobadilika zaidi kilikuwa macho yetu. Bili ya mwisho wa mwezi ilikuwa fumbo. Ilijumlisha pasi, friji na redio katika namba moja. Mita ya LUKU ina taa nyekundu inayopepesa, na mtoto yeyote wa nyumba ya kupanga anajua kwamba pasi ikichomekwa, taa hiyo inapepesa kama imeshikwa na homa. Kwa kuitazama tu, watu wasiosoma fizikia waligundua kanuni yake: kinachokula umeme ni joto. Pasi ya wati 1,000 humaliza yuniti 1 kwa saa 1. Taa ya LED ya wati 9 huhitaji zaidi ya saa 110 kumaliza yuniti hiyohiyo. Ndiyo maana nguo za wiki nzima hupigwa pasi kwa mkupuo, Jumapili jioni, na maji ya kuoga yakarudishwa jikoni kwenye gesi au mkaa. Ndiyo maana maharage yanalowekwa tangu usiku, kwa kuwa mtungi wa gesi nao una mwisho wake. Huu ni ujuzi wa kweli. Enzi za bili zilikuwa na watu wabahili, lakini hazikuwa na watu wanaojua kiasi hiki.

Lakini ujuzi huo una ukuta. Chukua bei zilizotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi. Mteja wa nyumbani wa kundi la D1, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, alilipa shilingi 100 kwa yuniti. Yuniti ya 76 aliilipia shilingi 350. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 alilipa 292. Nia ilikuwa njema: anayetumia kidogo apunguziwe. Sasa ingia nyumba ya kupanga yenye vyumba 6 na mita moja, kama zilivyo nyumba nyingi za Manzese au Mbagala. Kila chumba kinatumia yuniti 20: taa, simu, feni, redio. Kila familia imebana kwelikweli. Lakini mita inaona yuniti 120, na mita haijui kuna familia 6. Kwa hiyo hao wanalipa karibu mara tatu ya bei anayolipa mtu mmoja mwenye nyumba yake na mita yake, anayetumia yuniti 70 peke yake. Mjane wa chumba cha uani anaweza kuzima taa mpaka achoke. Bei yake haishuki.

Tangu Agosti 2021 kuna jambo jingine. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Serikali ilisema wapangaji wakubaliane na wenye nyumba wao. Anayejua jinsi mpangaji anavyoongea na mwenye nyumba Dar es Salaam anajua makubaliano hayo yanavyokwisha. Anayenunua umeme wa 2,000 mwanzoni mwa mwezi anabaki na wa 500.

Waingereza, walioanza na peni, nao hawajamaliza. Gharama za nishati zilipopaa mwaka 2022, kampuni ziliwahamisha wadaiwa kwenye mita za kulipia kabla, wengine kwa amri za mahakama. Februari 2023 gazeti la The Times lilionyesha mawakala wakivunja milango ya watu dhaifu ili kufunga mita hizo, na msimamizi wa sekta, Ofgem, akasimamisha zoezi hilo. Shirika la Citizens Advice lilikadiria kwamba watu milioni 3.2 waliishiwa salio la mita ndani ya mwaka 2022. Namba hiyo ilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyeuliza.

Kwetu hakuna anayeuliza, na hapo ndipo historia inaponigusa kikazi. Enzi za bili, giza lilikuwa na karatasi: barua ya onyo, amri ya kukata, tarehe ya kurejeshewa. Mtafiti anaweza kufungua jalada na kuhesabu ni nyumba ngapi zilikaa gizani na kwa muda gani. LUKU haikati mtu, kwa hiyo haiandiki. Kumbukumbu zake zina manunuzi tu. Nyumba ikinunua yuniti chache mwaka huu kuliko mwaka jana, takwimu itasomeka kuwa matumizi yamepungua, na ripoti inaweza kuuita ufanisi.

Ufanisi wa kweli una bei yake ya kuingilia. Sufuria ya umeme ya presha hupika maharage kwa chini ya yuniti 1, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya kaya ziache kuni na mkaa ifikapo 2034. Lakini sufuria hiyo hununuliwa kwa fedha taslimu, siku moja, na mtu anayenunua umeme wa 1,000. Mita kwa kila mpangaji ingemsaidia zaidi ya semina ya kuzima taa. Vilevile ingesaidia kuhesabu siku ambazo mita inasoma sifuri. Mashine iliyohesabu dakika tangu mwaka 1993 haiwezi kushindwa na hilo.

Hadi hapo, atakayekuja baadaye kuandika historia ya nyumba zetu atafungua kumbukumbu za LUKU na kukuta tarehe 3, shilingi 2,000, na tarehe 9, shilingi 1,000. Siku zilizo katikati hatajua kama watu walikuwa wakiangalia taarifa ya habari au walilala mapema kwa kuwa hakukuwa na la kufanya gizani.