Bunduki ya mkuki, leseni, na lile swali la "wewe ni wa wapi?"

Wiki mbili zilizopita binamu yangu aliye Durban alinitumia video. Yuko chini ya maji, amevaa miwani ya kuzamia, mkononi ana bunduki ya mkuki, ile yenye raba pembeni na chuma kirefu mbele. Anafyatua, samaki anatapatapa, video inaisha. Chini yake kaandika: "Desemba nakuja nyumbani na hii. Tutateremka Kilifi. Niulizie leseni."

Sasa mimi ni mtoto wa Pioneer. Maji ninayoyajua ni mto Sosiani, na Sosiani siwezi kumshauri mtu azamie. Samaki ninaowajua ni omena wa kupimiwa kwa mkebe na ngege wa kukaangwa kando ya barabara jioni. Lakini tangu nitoke chuo muda ninao (usianze, mama yangu ameshasema yote), kwa hiyo nikaanza kusoma. Nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Nimemaliza siku tatu, na bado sijatoka kwenye hii stori.

Jibu la haraka kwanza, kwa wale wanaosoma aya ya tatu tu halafu wanaenda kwenye maoni kutusi: huwezi. Kenya ilipiga marufuku bunduki ya mkuki mwaka 2001, pamoja na juya, ule wavu mkubwa unaokokotwa hadi ufuoni ukizoa kila kitu, mpaka vitoto vya samaki. Tanzania hairuhusu pia. Shelisheli hapana, Morisi hapana, Maldivi hapana. Lakini Afrika Kusini unaingia posta kama mtu anayetuma barua, unalipa, unapewa kibali, unazamia kwa pumzi yako mwenyewe bila mtungi wa hewa, na uko sawa na sheria. Yaani kitu kilekile ambacho Durban kinakufanya mwanamichezo, Kilifi kinakufanya mshtakiwa. Kibali cha binamu yangu ni halali kabisa, ila kinaishia kwenye mpaka wa nchi iliyokitoa.

Nikamwambia hivyo. Akajibu: "Lakini mimi ni Mkenya, bana. Hayo ni maji yetu."

Hapo ndipo niliponaswa. Kwa sababu hayo maji yana historia ndefu ya watu kuambiwa ni yao, halafu si yao.

Kuna neno la pwani ambalo sisi wa huku juu hatulijui: dago. Kwenda dago ni mvuvi kuacha kwao na kwenda kupiga kambi ufuo wa watu wengine kwa miezi kadhaa, akifuata samaki. Kinachoamua ni upepo. Kaskazi ikianza kuvuma mwishoni mwa mwaka, bahari inatulia, vyombo vinatoka. Kusi ikija na mawimbi yake, watu wanarudi au wanajificha ndani ya miamba. Wavuvi wa Pemba walikuwa wakija hivyo Vanga, Shimoni, Gazi, hadi Kilifi na Malindi. Usidhani walikuwa wanakwenda mbali. Ukiwa Shimoni, Pemba iko karibu na wewe kuliko Kilifi.

Na si kwamba hakukuwa na utaratibu. Mgeni wa dago hakutua tu na kuanza kutupa nyavu. Alijitambulisha kwa wazee wa mahali, akaambiwa miamba ipi asiguse na siku zipi asitoke. Sehemu nyingine za Zanzibar alitoa kitu kinachoitwa ubani, malipo kwa wenyeji kwa kukubaliwa kuvua kwao. Ukiniuliza mimi, hiyo ilikuwa leseni. Haikuwa na muhuri tu.

Halafu kuna upande ambao shuleni walitupitisha mbio. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara hili letu kwa mstari ulioanzia karibu na mto Umba, hapo Vanga. Lakini ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliutawala pamoja na Kenya, ila bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa miaka yote hiyo. Kwa hiyo Mpemba akitia nanga Shimoni mwaka 1950, kwa karatasi alikuwa bado chini ya mtawala wake yuleyule. Angewezaje kujiona yuko ng'ambo?

Oktoba 1963 kukawa na makubaliano ya kuuacha ule ukanda uwe sehemu ya Kenya. Tarehe 10 Desemba Zanzibar ikapata uhuru. Tarehe 12, siku mbili baadaye, Kenya nayo ikapata. Hebu mfikirie mvuvi aliyekuwa dago wiki hiyo. Ametoka kwao akiwa chini ya Sultani, ametia nanga chini ya Sultani, na kabla hajauza samaki wake wa wiki yuko nchi ya kigeni. Mwezi mmoja mbele, 12 Januari 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar, na wengine wakaona bora wasirudi.

Katiba mpya ya Kenya ilisema kwa kifupi: kama umezaliwa hapa na mzazi wako mmoja amezaliwa hapa, wewe ni raia moja kwa moja. Wengine waliokuwa wakiishi hapa walipewa muda wa kujiandikisha, hadi Desemba 1965. Sasa niambie, nani angempelekea mvuvi wa kambini hiyo habari? Kwa redio gani? Wengi waliendelea kuvua, wakaoa, wakazaa, wakazika wazazi wao Kwale na Kilifi, bila karatasi.

Kwa miaka mingi hilo halikuwa tatizo kubwa sana. Likawa tatizo kadiri serikali ilivyozidi kupenda karatasi, na kwenye uvuvi imezipenda kweli. Mwaka 2007 zilitoka kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU kama wavuvi wanavyoviita. Mvuvi asajiliwe, chombo kisajiliwe, ajulikane ni wa ufuo gani. Mwaka 2016 ikaja sheria mpya ya uvuvi iliyoleta Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Leseni ya mvuvi, leseni ya chombo, leseni ya mwenye kuvua kwa kujifurahisha kama binamu yangu. Mimi sina shida na hayo. Bahari isiyo na sheria inaisha, na wenyeji wa Kwale wana haki ya kulalamika wageni wanapokuja na nyavu kubwa za ringneti na kubeba kwa usiku mmoja samaki wa mwezi mzima.

Shida ni kwamba ili upate leseni unahitaji kitambulisho, na ili upate kitambulisho unaulizwa wewe ni kabila gani, baba yako ni nani, chifu wako ni nani. Mzee wa Kipemba aliyezaliwa Kilifi alikuwa anakwama hapo. Bila kitambulisho hana leseni, hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana akaunti. Anavua kwenye chombo cha mtu mwingine, samaki wanauzwa kwa jina la mtu mwingine, bei anapanga mtu mwingine. Akiona askari wa doria anaingia ndani zaidi baharini.

Na hapa nitasema kitu ambacho mtu wa Eldoret anakielewa bila kuelezwa. "Wewe ni wa wapi?" si swali la salamu. Mwaka 2008 nilikuwa mtoto mdogo, na najua tu nilivyosimuliwa, lakini kila nyumba mtaani kwetu ina mtu anayekumbuka kuulizwa hivyo na kujua kwamba jibu ndilo litakaloamua kama atalala kwake. Mimi nilipofika miaka 18 nilipata kitambulisho bila jasho, kwa sababu chifu anamjua nyanya yangu. Nikadhani nimekipata kwa sababu ni haki yangu. Kumbe nilikipata kwa sababu nyanya anajulikana.

Mambo haya hayako pwani tu. Yule mbuta anayekuja kuuzwa huku Eldoret anatoka Ziwa Viktoria, ambalo Kenya ina asilimia 6 hivi tu. Ndiyo maana kisiwa cha Migingo, jiwe dogo lililojaa mabati kama mtaa wa mabanda, kilitaka kutugombanisha na Uganda mwaka 2009. Kisiwa chenyewe si kitu. Samaki ndio walikuwa wengi maji ya upande wa pili, na wavuvi Wakenya wakawa wanatakiwa kulipa vibali vya Uganda au wakamatwe. Pale ghafla sisi ndio tulikuwa Wapemba, na tulipiga kelele sana kuhusu "wavuvi wetu". Kelele hizo hatukuwapigia wale wa Kilifi.

Waliofungua njia ni Wamakonde wa Kwale, ambao nao waliishi miaka mingi bila karatasi. Mwaka 2016 walifunga safari ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi kumtafuta Rais, na baada ya hapo wakaanza kupewa vitambulisho. Washona wakafuata mwishoni mwa 2020. Wapemba walitambuliwa rasmi kama jamii ya Kenya mwaka 2023, na Julai mwaka huo sherehe ikafanyika Kilifi, wazee wakapokea karatasi mkononi. Miaka 60 kasoro miezi tangu ile wiki ya Desemba.

Ukitazama picha za siku ile, wengine wanakishika kitambulisho kwa mikono miwili. Mimi changu nimekipoteza mara mbili, mara ya pili kwenye matatu.

Nikamwandikia binamu yangu yote haya, ujumbe mrefu kweli, mpaka akauliza kama niko sawa. Nikamrudisha kwenye mambo yake. Bunduki iache Durban, hata usiipakie kwenye mzigo ukidhani utawaeleza uwanja wa ndege. Mshipi unaweza kutumia, lakini leseni ya uvuvi wa kujifurahisha kwanza, na leseni si ruhusa ya kuvua popote: ndani ya hifadhi za bahari za Watamu na Malindi hakuna kuvua, na imekuwa hivyo tangu 1968. Ukifika ufuoni, usishuke na ndoano zako kama mwenye mali. Watafute watu wa BMU, uwasalimie wazee, uwaambie umetoka wapi.

Akanyamaza kama saa nzima. Kisha akaandika: "Sawa. Na wakiniuliza mimi ni wa wapi, niseme Durban ama Pioneer?"

Nikamwambia aseme Pioneer, na asisahau kubeba kitambulisho.