Dervorguilla na Ukoo wa Balliol
Katika kijiji cha New Abbey, kusini mwa Dumfries huko Uskoti, kuta za kanisa la abasia ya Sweetheart zingali zimesimama. Zimejengwa kwa mawe mekundu ya mchanga, na paa lilishatoweka zamani. Anayetaka kuujua ukoo wa Balliol na aanzie hapa. Vitabu vingi huanzia Bailleul, Picardy, nchini Ufaransa, vikawafuata wanaume wa ukoo huo hadi ngome yao ya Barnard Castle, kaskazini mwa Uingereza. Jina ndilo lililopita njia hiyo. Haki ya Galloway na ya taji la Uskoti ilipitia kwa mwanamke aliyezikwa New Abbey.

Dervorguilla alizaliwa na Alan, bwana wa Galloway, na Margaret, binti mkubwa wa David wa Huntingdon, ambaye kaka yake alikuwa Mfalme William wa Uskoti. Alan alipofariki mwaka 1234 aliacha mabinti watatu wa ndoa na Thomas, mwana wa nje ya ndoa. Watu wa Galloway walimtaka Thomas, wasije wakaona nchi yao ikikatwa mafungu matatu. Mfalme Alexander II akakataa, wakaasi, wakashindwa mwaka 1235. Thomas akafungwa Barnard Castle, katika ngome ya shemeji yake mwenyewe John Balliol, mume wa Dervorguilla, na hakuachiwa hadi 1296. Hakuna ukurasa wa nasaba hii unaoniumiza kama huo: dada alirithi, kaka akazeekea kifungoni.

John Balliol alifariki mwaka 1268. Mjane wake aliutia dawa moyo wa marehemu usioze, akauhifadhi katika kijaluba cha pembe za ndovu. Mwaka 1273 akaanzisha abasia, ambayo jina lake limetokana na moyo huo. Ndiye pia aliyekipa chuo cha Balliol, Oxford, kanuni zake za mwaka 1282. Alipofariki mapema mwaka 1290, alizikwa humo abasiani pamoja na moyo wa mumewe.

Wanawe wakubwa, Hugh, Alan na Alexander, walikuwa wamekwisha kumtangulia. Aliyebaki ni John, kitinda mimba. Mwaka huohuo wa 1290 alikufa binti mdogo aliyekuwa mrithi wa ufalme wa Uskoti, nao wadai wa taji wakafika kumi na watatu. Shauri zito lilikuwa kati ya John na Robert Bruce mzee. Bruce alikuwa mjukuu wa David kwa binti wa pili, Isabella. John alikuwa kitukuu, lakini kwa binti mkubwa. Aliye karibu zaidi na babu, au aliyetoka tawi la mkubwa? Tarehe 17 Novemba 1292 tawi la mkubwa likashinda. Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa ya haki, ingawa aliyeisimamia, Edward I wa Uingereza, alikuwa na yake moyoni.

Mwaka 1296 Edward huyohuyo alimvua John ufalme, nembo za kifalme zikang'olewa kwenye joho lake. Mwanawe, Edward Balliol, aliyakabidhi madai yake kwa Edward III mwaka 1356, akafa bila mtoto. Kufikia hapo Buittle, ngome ya Dervorguilla, ilikuwa mikononi mwa akina Douglas, ambao walipewa na Mfalme Robert Bruce, mjukuu wa yule mzee aliyeshindwa. Ilipoharibika abasia kwa vita, aliyeitengeneza ni Archibald Douglas, bwana mpya wa Galloway.