Embolia ya mapafu: oksijeni ilipogonga mwamba

Embolia ya mapafu hutokea bonge la damu iliyoganda, mara nyingi kwenye mishipa ya miguu, linapong'oka, likapita moyoni na kuziba ateri za mapafu. Rudolf Virchow wa Ujerumani alikwisha kuieleza safari hiyo katika miaka ya 1840. Tiba ilichelewa sana.

Oksijeni yenyewe ilijulikana mapema zaidi. Joseph Priestley aliipata mwaka 1774 kwa kupasha moto oksidi ya zebaki, na mwaka 1799 Thomas Beddoes alifungua mjini Bristol taasisi ya kutibu watu kwa gesi, kwa kubahatisha zaidi kuliko kupima. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoleta nidhamu. Mwaka 1917 John Scott Haldane, aliyeshughulikia askari waliovuta gesi ya sumu, alieleza namna ya kumpa mgonjwa oksijeni kwa barakoa, kwa kiasi kinachojulikana.

Kwa mgonjwa wa embolia, msaada huo una mpaka. Sehemu za mapafu zilizobaki wazi hupokea damu nyingi kuliko hewa iliyopo, na hapo oksijeni ya ziada hufaa kweli. Bonge lenyewe haliguswi. Upande wa kulia wa moyo huendelea kusukuma dhidi ya kizibo, hutanuka, kisha huishiwa nguvu.

Mpaka huo ulionekana wazi mjini Boston mwanzoni mwa miaka ya 1930. Daktari kijana, John Gibbon, alikesha na mwanamke aliyepata embolia baada ya kufanyiwa upasuaji, akimpima mapigo na shinikizo la damu kila dakika 15. Usiku kucha damu ya mgonjwa ilizidi kuwa nyeusi. Asubuhi alipasuliwa na bonge likatolewa, lakini hakupona. Gibbon akabaki na wazo: damu ile nyeusi ingetolewa, ikatiwa oksijeni nje ya mwili na kurudishwa, labda angeishi. Yeye na mkewe Mary walihangaika na wazo hilo kwa miaka mingi, wakianza na paka, hadi tarehe 6 Mei 1953 mashine yao ya moyo na mapafu ilipomhudumia msichana wa miaka 18 aliyepasuliwa moyo mjini Philadelphia.

Dawa za kuzuia damu kuganda zilithibitishwa mwaka 1960, katika jaribio dogo la Barritt na Jordan nchini Uingereza. Katika miaka ya 1970 Takuo Aoyagi wa Japani alibuni njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga, bila sindano, na kubahatisha kukapungua.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unashauri oksijeni ya ziada pale kiwango chake katika damu kinaposhuka chini ya asilimia 90. Mashine ya kupumulia huachwa iwe hatua ya mwisho, kwa kuwa dawa za usingizi na msukumo wa hewa kifuani vinaweza kuuangusha moyo ambao tayari umeelemewa.