Tangi la Majitaka na Kreta Isiyo na Mto wa Kutokea

Historia ya Ngorongoro kwa kawaida husimuliwa kwa sheria na mipaka: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikaundwa mwaka 1951, Ngorongoro ikatengwa nayo mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1979. Masimulizi hayo huacha nje majitaka, na hapo ndipo yanapopungukiwa, kwa sababu umbo la nchi lenyewe linatulazimisha kuyatazama. Sakafu ya kreta ina kilometa za mraba zipatazo 260, imezungukwa na kuta za mita 600 hivi, na hakuna mto hata mmoja unaotoka humo. Mto Munge unashuka kutoka Mlima Olmoti, vijito vya Lerai vinatiririka kutoka ukingoni, na maji mengi huishia kwenye mabwawa na Ziwa Magadi, ambako jua huyakausha na kuacha chumvi. Watafiti wamehusisha kufa kwa migunga ya msitu wa Lerai na chumvi kuongezeka ardhini. Katika bakuli la namna hiyo, kila kinachomwagwa juu kina nafasi ya kubaki. Ndiyo maana nashikilia kwamba fundi wa mji wa Karatu anayeziba ufa wa tangi la majitaka chini ya gari la mgeni, lile gari la kulala lenye jiko na choo ndani, ana haki ya kutajwa katika historia ya uhifadhi.

Watu wameyategemea maji ya kreta kwa muda mrefu. Ndugu wawili Wajerumani, Adolph na Friedrich Siedentopf, walilima na kufuga ndani ya kreta kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mmoja kando ya Munge na mwingine upande wa Lerai. Maboma ya Wamasai yalikuwa sakafuni hadi yalipoondolewa mwaka 1974. Tangu miaka ya 1930 ukingo ukaanza kupokea wageni, na pamoja nao bafu, jiko na choo. Mfugaji aliondolewa kwa jina la uhifadhi. Karo la hoteli likabaki juu ya mteremko ule ule. Mizani hiyo haikuwa sawa, na mwanahistoria anayeipita kimya anawadhulumu walioondolewa.

Karatu iliingia katika habari hii kama mji wa matengenezo. Mashamba ya kahawa ya walowezi yalihitaji mafundi wa mashine tangu mapema. Kisha mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa na kukaa hivyo hadi 1983. Watalii wakapungua, na vipuri vikaadimika nchini kote. Kitu kilichopasuka kilizibwa, kwa kuwa kipya hakikupatikana. Ujuzi wa kutumia moto kukirudishia uhai kitu kilichoharibika una mizizi mirefu zaidi wilayani: wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hupasha moto vyuma chakavu na kuvifua viwe vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvitumia.

Lami inayopita Karatu, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 huishia kwenye lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kutoka hapo ni vumbi, mawe na mawimbi ya changarawe, huku lita 100 za majitaka zikining'inia kwa mikanda chini ya gari zikiwa na uzito wa kilo 100 hivi. Plastiki ya tangi huchoka kwenye kona na kwenye shingo ya bomba, na baridi ya ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, huifanya iwe ngumu zaidi. Fundi huanza kwa kutoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, huuchonga uwe mfereji, kisha huuyeyushia ukanda wa plastiki ya aina ile ile kwa chuma cha moto, kama simtanki zilizopasuka zinavyochomelewa. Gundi haifai kwa matangi mengi, maana poliethilini haishikani na gundi; plastiki yenyewe lazima iungane.

Wapo watakaosema kwamba tone la gari moja ni dogo mno mbele ya makaro ya hoteli na kinyesi cha nyati na tembo. Kinyesi cha wanyama ni sehemu ya mzunguko wa nyasi; sabuni, mafuta ya kupikia na dawa za choo si sehemu yake. Kuhusu hoteli wanasema kweli, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazibana. Lakini karo la hoteli lina anwani, mkaguzi anaweza kulirudia. Tangi linalovuja hudondosha njia nzima na hakuna anayejua lilianzia wapi. Wengine husema heri kununua jipya kuliko kuchomelea. Tangi jipya la umbo hilo huagizwa ng'ambo na huchukua wiki nyingi, na katika wiki hizo gari linaendelea kuvuja.

Kinachobaki kubishaniwa kwa haki ni mahali pa kumwaga, kwa sababu tangi haliwezi kuzibwa likiwa limejaa. Maji yake yakiishia mtaroni, ukarabati umehamisha uchafu kutoka ukingoni hadi kwa wakazi wa Karatu. Gereji inayopokea magari hayo ingepaswa kuwa na karo lake, lenye kunyonywa na gari la majitaka, na ukaguzi wa Lodoare ungefika hadi chini ya gari, kwenye mikanda na shingo ya bomba, kabla halijapanda ukingoni.