Jimmy Hogan, Mwalimu Asiyetuzwa Kwao

Wahenga walisema, Mcheza kwao hutuzwa. Methali hii twaitumia mara nyingi mbele ya wanafunzi wetu, wala hatusemi kuwa ni ya uongo. Lakini wako watu ambao maisha yao yaonekana kuipinga, na mmoja wao ni Mwingereza Jimmy Hogan, aliyecheza mpira wa miguu tangu ujana wake, kisha akawa mwalimu wa mchezo huo katika nchi nyingi za Ulaya. Tumeona vema kusimulia habari zake, si kwa ajili ya wapenda mpira peke yao, bali kwa ajili ya kila mtu ashikaye chaki.

Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1882 katika mji wa Nelson, jimbo la Lancashire, penye viwanda vingi vya kufuma nguo za pamba, akakulia Burnley, mji wa jirani. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wa asili ya Ireland, na baba yake alitamani sana awe padre, hata akampeleka kusoma katika chuo cha St Bede's, Manchester. Lakini kijana hakuuona wito huo. Moyo wake ulikuwa umekwisha kutekwa na mpira. Akachezea Burnley, kisha Fulham ya London, ambayo mwaka 1908 ilifika nusu ya mwisho ya Kombe la Uingereza, na halafu Bolton Wanderers. Alikuwa mchezaji mwema, wala hakuwa wa ajabu.

Neno lililombadilisha lilikuwa dogo. Siku moja, alipokuwa Burnley, alipiga mpira golini ukapita juu. Akamwendea mkubwa wa timu kumwuliza kosa lake: Je, mguu ulikaa vibaya? Au mwili haukuwa na mizani? Akajibiwa asijisumbue, apige tu. Katika mipira kumi ukiingia mmoja, yatosha. Jibu hili halikumridhisha hata kidogo. Tangu siku ile akaanza kujichunguza mwenyewe, akitafuta sababu ya kila mpira uliokwenda upande na ya kila mpira uliokwenda sawa.

Yafaa tueleze jinsi Waingereza wa siku zile walivyofanya mazoezi. Wachezaji walizungushwa uwanjani kwa mbio, wakipewa mpira kwa nadra sana, kwa kuwa iliaminiwa kwamba mtu akinyimwa mpira siku za kazi atauonea njaa siku ya Jumamosi. Ustadi ulihesabiwa kuwa ni kipaji cha kuzaliwa, usiofundishika. Hogan alikataa. Yeye alisema mchezaji na auguse mpira kila siku, ajifunze kuutuliza kwa mguso mmoja, autembeze chini kwa pasi fupi, tena ajue kwa nini afanya hivyo. Hata chakula cha wachezaji alikiangalia, akawahimiza kula mboga.

Nafasi ya kuonyesha imani yake aliipata Uholanzi. Bolton walipozuru nchi ile waliifunga timu ya Dordrecht magoli 10 kwa bila. Wengine walicheka, Hogan aliazimia moyoni kwamba siku moja atarudi kuwafundisha watu wale. Naye alirudi mwaka 1910, umri wake miaka 28, akawa mwalimu wao.

Mwaka 1912 akaitwa Vienna na Hugo Meisl, kiongozi wa mpira wa Austria, kuitengeneza timu ya taifa kwa Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, ambako Austria iliwashinda Wajerumani kwa magoli 5 kwa 1. Urafiki wa watu hawa wawili ulidumu mpaka Meisl alipofariki mwaka 1937.

Hata Vita Kuu ilipolipuka mwaka 1914, Hogan alikuwa Vienna, naye akawa adui kwa siku moja. Alikamatwa kama raia wa nchi ya upande wa pili. Mkewe na watoto waliruhusiwa kurudi kwao, yeye akabaki. Ndugu wawili Waingereza wenye duka kubwa mjini walimdhamini, akawa akiwafundisha watoto wao tenisi. Baadaye mkubwa mmoja wa klabu ya MTK ya Budapest alimwombea ruhusa kwa wenye mamlaka, Hogan akahamia Hungaria. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo ilivyokuwa. Siku moja aliwaona vijana wawili wakicheza bustanini, György Orth na József Braun, akawachukua na kuwafundisha kila siku, nao wakawa nyota za taifa lao. Ligi ya Hungaria ilipoanza tena mwaka 1916, MTK walitwaa ubingwa, wala hawakuuachia mpaka baada ya mwaka 1925, ingawa mwalimu wao alikuwa amekwisha kuondoka zamani.

Vita ilipokwisha Hogan alirudi Uingereza mikono mitupu. Akasikia kwamba chama cha mpira huwasaidia watu wa mchezo walioharibikiwa na vita, akaenda London kwa matumaini. Mwenyewe alisimulia kwamba alichopewa ni jozi tatu za soksi za kijeshi, pamoja na maneno ya kumchoma, kwamba wenziwe waliokuwa vitani walizifurahia soksi kama zile. Nasi tukiisoma habari hii twaona aibu kwa niaba yake. Lakini tuwe waadilifu: nchi ile ilikuwa imezika vijana wake kwa maelfu, na mtu aliyeketi nchi ya adui akifundisha mpira hakuweza kupokewa kwa vigelegele. Kosa lao kubwa lilikuwa jingine: hawakumwuliza amejifunza nini.

Akaenda tena ugenini, Uswisi, kisha Ujerumani. Kijerumani chake kilikuwa kibovu, na yasimuliwa kwamba siku moja, mbele ya wasikilizaji wa Dresden, maneno yalimwishia kabisa. Akatoka, akavaa nguo za mchezo, akarudi miguu mitupu, akapiga mpira mpaka ukapasua ubao uliokuwa mbali mbele yake. Basi wote wakaelewa. Miongoni mwa wanafunzi wake wa Dresden alikuwamo kijana Helmut Schön, tutamtaja tena.

Tarehe 7 Desemba 1932 Austria, ikiongozwa na Meisl naye Hogan akiwa msaidizi wake, ilicheza na Uingereza huko London. Ilishindwa kwa magoli 4 kwa 3 tu, na watazamaji wakastaajabia pasi zake. Hapo ndipo wa kwao walipomkumbuka. Mwaka 1934 Fulham wakamwajiri, lakini wachezaji walichoka na mafundisho yake, naye akaachishwa kazi kabla msimu haujamalizika, akiwa mgonjwa hospitalini. Alirudi kwa Waaustria, wakapata nafasi ya pili katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Kisha akaiongoza Aston Villa, iliyokuwa imeshuka daraja, akaipandisha tena mwaka 1938.

Sasa twafika siku ya hukumu. Tarehe 25 Novemba 1953 Wahungaria walikuja Wembley, mbele ya watu 105,000. Uingereza haikuwa imepata kufungwa nyumbani na timu yoyote iliyotoka nje ya visiwa vya Uingereza na Ireland. Siku ile ilifungwa magoli 6 kwa 3. Hogan, mwenye miaka 71, alikuwa ameketi miongoni mwa watazamaji pamoja na vijana wa Aston Villa aliokuwa akiwafundisha. Gusztáv Sebes, kiongozi wa Wahungaria, alitangaza kwamba wamecheza kama Jimmy Hogan alivyowafundisha, na kwamba jina lake lastahili kuandikwa kwa herufi za dhahabu katika historia ya mpira wao. Wako wenyeji waliomwita msaliti. Lakini alisaliti nini? Alichowafundisha wageni ndicho alichotaka kuwafundisha ndugu zake, nao wakakataa.

Alifariki tarehe 30 Januari 1974. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Ujerumani Magharibi ilitwaa Kombe la Dunia, nayo ilikuwa chini ya Helmut Schön, yule kijana wa Dresden.

Basi methali ya wahenga twaiachaje? Twaona kwamba haikukosea, ila kwao mwalimu si pale alipozaliwa tu. Kwao ni popote yanapoishi mafundisho yake. Tena tusisahau chanzo cha mambo yote haya: kijana alikosa goli, akauliza kwa nini, akajibiwa kivivu. Darasani mwetu watoto huuliza hivyo kila siku, nasi mara nyingine, kwa uchovu, huwajibu vivyo hivyo. Hatujui ni yupi kati yao atakayelichukua swali lake na kwenda nalo mbali. Afadhali alichukue pamoja na jibu letu.