Neno "Sandali" na Safari Yake

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 10, twasoma ya kuwa mfalme Sulemani aliletewa miti ya msandali kutoka Ofiri. Hapa Ihanda wengi hulisoma neno hilo, wakadhani ni la Kiarabu tangu mwanzo. Sivyo. Na tulifuate nyuma mpaka lilikotoka.

Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, neno lilikuwa chandana. Maana yake ni mti wenyewe, na gogo lake lenye harufu nzuri, na tena manukato ya kujipaka yapatikanayo kwa kusugua gogo juu ya jiwe lenye maji. Wanazuoni wengi husema ya kwamba Kisanskriti nacho kilipewa neno hilo na lugha za Hindi ya kusini. Likapita kwa Waajemi, likafika kwa Waarabu. Nao, kwa kuwa hawana sauti ya "ch", wakatamka sandal. Watu wa pwani yetu wakaongeza irabu mwishoni, likawa sandali. Hata desturi ya kusugua mti wa manukato iko pwani, na kinachopatikana huitwa liwa.

Je, Kiswahili chenyewe kilifikaje Karagwe? Kililetwa na misafara ya pembe za ndovu. Musa Mzuri, Mhindi wa Surat aliyekaa Unyanyembe, alifanya biashara na Karagwe, akamsaidia Rumanyika alipogombea ufalme na nduguye Rogero. Hayo yalikuwa kabla Speke hajafika mwaka 1861. Basi bidhaa na maneno vilishika njia moja.

Lakini jina likifika, tamaa hufuata. Katika Tanzania na Kenya huota mti mwingine, ndugu wa ule wa Hindi, si ule ule, nao hunukia. Wenyeji waliutumia kwa dawa, nao ukaendelea kuota. Wafanya biashara walipouita sandali, ulianza kung'olewa pamoja na mizizi, maana mizizi nayo ina mafuta ya manukato. Na mti uliong'olewa hauchipui tena. Mwaka 2007 Kenya ilikataza kuuvuna, na mwaka 2013 ukatiwa katika mapatano ya mataifa ya kulinda miti na wanyama wauzwao nchi za nje.

Basi, msomaji, jina la ng'ambo liliupa mti wetu bei kabla halijaupa mlinzi. Akija mgeni kuuliza habari za sandali, mwulize kwanza atapanda nini mahali pake.